Laptopu ndogo ya bei nafuu kwa msafiri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kukusanya takwimu mikoani. Karibu wiki mbili za kila mwezi niko ndani ya basi, kwenye nyumba za wageni au chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, na laptopu ndiyo jembe langu. Kwa sababu hiyo ndugu, wafanyakazi wenzangu na wanafunzi hunituma Kariakoo, Dar es Salaam, niwachagulie mashine, na maswali yao hufanana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Yanamhusu mtu anayetaka kuandika, kujaza Excel, kusoma barua pepe, kutazama video na kuingia mkutano wa Zoom kwa mashine isiyomchosha bega wala mfuko. Anayehariri filamu au kucheza gemu nzito anahitaji mashine ya aina nyingine.

Nina haraka. Ninunue ipi?

Nunua laptopu ya mtumba iliyokuwa ya ofisi, yenye kioo cha inchi 12.5 au 13.3, prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 8, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD (hifadhi ya mafaili isiyozunguka) ya GB 256. Kwa majina: Lenovo ThinkPad X280, Dell Latitude 7290 au HP EliteBook 830 G5. Zote tatu ni za mwaka 2018, zinakubali Windows 11, zinachajiwa kwa tundu la USB-C, na mafundi wetu wameshazizoea. Ukipata mojawapo yenye betri nzima, usizunguke tena.

Yanayofuata ni kwa anayetaka kujua sababu, au aliyezikosa hizo tatu akawekewa nyingine mezani.

Kwa pesa hiyo hiyo dukani kuna mpya kabisa, imo kwenye boksi na ina waranti. Kwa nini nichukue mtumba?

Hili naulizwa kuliko mengine yote, na ndilo linalowagharimu watu pesa nyingi.

Laptopu mpya ya bei ya chini kabisa imepunguzwa mahali usipopaona. Boksi linang'aa, rangi inapendeza, ukiinyanyua ni nyepesi. Ndani mna prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya eMMC ya GB 64, nyingine GB 32. Hiyo eMMC ni chipu ya aina inayowekwa kwenye simu za bei ndogo. Ni nzito kufungua mafaili ukiilinganisha na SSD, na kwa kuwa nayo imechomelewa, fundi hawezi kukutolea akakuwekea kubwa zaidi. Microsoft wenyewe wameiweka GB 64 kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuendesha Windows 11. Maana yake unaanza safari taa ya mafuta ikiwa imeshawaka.

Mpwa wangu alinunuliwa moja ya inchi 11 alipoingia chuo Dodoma. Muhula wa kwanza ilikwenda vizuri. Muhula wa pili Windows ikataka kujisasisha, nafasi haikutosha. Akafuta picha, akafuta mihadhara aliyoirekodi, bado haikutosha. Mwisho alikuwa anaandika kazi za chuo kwenye simu, na laptopu imelala begini. Liliniuma sana jambo lile, maana pesa ilikuwa ya mama yake, ya mauzo ya mahindi ya msimu mzima.

Laptopu ya ofisi ina asili tofauti. Hizo tatu nilizozitaja ziliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 zilipokuwa mpya. Makampuni ya nje huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziondoa zote kwa mkupuo na kuziuza kwa jumla, na nyingi hupitia Dubai kabla ya kufika kwetu. Zinaondolewa kwa sababu muda wake kwenye vitabu vya kampuni umekwisha, hata kama mashine bado ina nguvu. Bawaba zake ni imara, kibodi zimeundwa zivumilie maji yakimwagika kidogo, kifuniko cha chini kinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vimejaa madukani.

Kwenye waranti, mpya inashinda, nakubali. Mtumba utapewa waranti ya duka ya wiki chache au miezi michache tu. Lakini waranti ya mwaka mzima haimsaidii mtu ambaye mashine yake haijaharibika, ila haitoshi.

Ndogo ni inchi ngapi?

Kiswahili sanifu kinaiita kompyuta mpakato, kutokana na kupakata, vile unavyompakata mtoto mapajani. Mimi nalitumia jina hilo kama kipimo. Kaa kwenye kiti cha basi la mikoani, abiria wa mbele alaze kiti chake, halafu fungua mashine. Ya inchi 15.6 haifunguki ikasomeka: kioo kinagonga kiti cha mbele na viwiko vyako vimeshaingia kwa jirani. Ya inchi 14 inafunguka kwa kubembeleza. Ya 12.5 inapakatika, na unaandika.

Uzito nao usiuchukulie juu juu. X280 ina kilo 1.1 na ushee, wakati laptopu ya kawaida ya inchi 15.6 hukaribia kilo 2 kabla hujaweka chaja. Dukani tofauti hiyo huisikii. Utaisikia Stendi ya Magufuli saa kumi na moja alfajiri, begi moja mgongoni na jingine mkononi, unatafuta basi lako.

Za inchi 11.6 zipo, nyingi zilikuwa za shule huko nje: Lenovo ThinkPad 11e, HP ProBook x360 11 na nyinginezo. Zina kingo za mpira na hustahimili kuanguka, kwa hiyo kwa mtoto wa sekondari naziunga mkono. Kwa mtu mzima mwenye kazi ya Excel yenye safu nyingi, kioo kinabana na prosesa nyingi za jamii hiyo ni dhaifu.

Jambo moja kuhusu kioo: uliza kama ni cha nukta 1920 kwa 1080. Laptopu nyingi ndogo za ofisi zilitoka pia na kioo cha 1366 kwa 768, jina lile lile na umbo lile lile, na muuzaji hatakwambia usipouliza. Na kiwe cha aina isiyoakisi mwanga. Kinachong'aa kama kioo cha kujitazamia, ukikaa karibu na dirisha la basi, utajiona sura badala ya kuona kazi.

Vilaptopu vidogo vya zamani vya inchi 7 na 10 bado vinafaa?

Vilianza kwa kishindo na Asus Eee PC 701 ya mwaka 2007, yenye kioo cha inchi 7 na hifadhi ya GB 4. Baadaye zikaja za inchi 10 zenye prosesa ya Intel Atom na Windows XP, kila kampuni ikatoa yake. iPad ilipotoka mwaka 2010 soko lake likaanza kuyeyuka. Bado unaweza kukutana nazo zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Nyingi zina RAM ya GB 1 au 2, na kurasa za intaneti za leo zinazilemea. Ziache.

Kizazi cha prosesa nakijuaje, na kina umuhimu gani?

Tazama namba inayofuata baada ya kistari. Core i5-8250U inaanza na 8, hiyo ni kizazi cha 8. Core i5-7200U ni cha 7, i5-6300U ni cha 6. Ikianza na 10 au 11, ndicho kizazi chake. Muuzaji akikwambia "hii ni Core i5" akaishia hapo, hajakwambia kitu, kwa sababu Core i5 zimetengenezwa tangu mwaka 2009 na nyingine leo ni kongwe.

Umuhimu wa kizazi cha 8 ni huu: Windows 10 iliondolewa kwenye huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 cha Intel, isipokuwa prosesa chache sana za kabla yake. Kuna wauzaji wanaoisukumiza Windows 11 kwenye mashine za kizazi cha 6 au cha 4 kwa kukwepa ukaguzi. Itawaka na itafanya kazi, ila Microsoft hawatoi ahadi ya masasisho ya usalama kwa mashine ya namna hiyo. Ukiitumia kwa benki ya mtandaoni, hilo si jambo la kupuuza.

Ikiwa pesa ni ndogo zaidi, kizazi cha 6 na cha 7 bado ni mashine za maana: ThinkPad X260 na X270, HP EliteBook 820 G3 na G4, Dell Latitude 7280. Ziwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na utakaa nazo miaka. Nimeeleza hilo mbele kidogo.

Na kama lazima uchukue mpya, labda ofisi yako hairuhusu mtumba, tafuta yenye prosesa ya Intel N100, ya mwaka 2023, pamoja na RAM ya GB 8 na SSD halisi. Ya Celeron N4020 inakubali Windows 11 lakini ni ya polepole. N3060 na N3350 hazikubali kabisa.

RAM na diski je?

RAM GB 8. GB 4 inatosha kuwasha mashine, kisha ukifungua kurasa sita za intaneti na Zoom juu yake inaanza kukwama. Jua pia kwamba X280 RAM yake imechomelewa, utakayonunua nayo ndiyo hiyo hiyo. Latitude 7290 na EliteBook 830 G5 zinaongezeka.

Diski iwe SSD, hata kama ni ya GB 128. Diski ya zamani inayozunguka ina sehemu zinazotembea ndani yake, na barabara zetu hazina huruma nayo. SSD haina kinachozunguka, hivyo mtikisiko wa basi hauisumbui.

Betri nitaipimaje? Muuzaji anasema inakaa saa nane.

Usibishane naye, iulize mashine yenyewe. Fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport kisha bonyeza Enter. Itatengeneza ripoti na kukuonyesha faili limewekwa wapi, lifungue. Mwanzoni kabisa utakuta tarakimu mbili za betri: ujazo iliotoka nao kiwandani, na ujazo inaoweza kubeba leo ikijaa. Kiwandani ikiwa 48,000 na leo ni 38,400, imebaki asilimia 80, nayo ni betri nzuri kwa mtumba. Chini ya asilimia 60 dai ibadilishwe au bei ishuke.

Kujua itakaa saa ngapi ni hesabu ya darasa la tano. 48,000 hizo ni Wh (wati-saa) 48. Laptopu ndogo ya aina hii, kwa kuandika na kusoma mwanga ukiwa wa wastani, hutumia karibu W (wati) 8. Gawanya: saa sita ilipokuwa mpya, na karibu saa tano kwa 38,400 za leo. Zoom na video zinapandisha matumizi, saa zinapungua. Kwa hiyo anayekuahidi saa nane kwa betri iliyobaki nusu, hesabu inamkataa.

Kama unakwenda vijijini ambako umeme ni wa kubahatisha, iangalie ThinkPad X270. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomoka. Unaweza kuchomoa ya nyuma na kupachika nyingine iliyojaa huku kazi inaendelea, bila kuzima. Ni ya kizazi cha 7 na ni nene kuliko X280, lakini nimefanya nayo kazi siku nzima mahali ambapo hapakuwa na soketi hata moja.

Ukishainunua, na kama muda mwingi iko mezani imechomekwa kwenye umeme, weka mpaka wa kuchaji ufike asilimia 80. ThinkPad ina mpangilio huo kwenye programu yake ya Lenovo Vantage, na Dell wanao kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Betri ikikaa imejaa pomoni na joto la Dar juu yake, inazeeka mapema.

Kwenye basi kuna tundu la USB. Litachaji laptopu?

Halitachaji. Matundu ya kawaida ya basi yanatoa volti 5 na ampea 2 hivi, yaani W 10, ya simu tu. Laptopu hizi zinataka W 45 au 65.

Kinachosaidia ni pawabenki yenye tundu la USB-C linalotoa W 45 au zaidi. Hapo ndipo laptopu inayochajiwa kwa USB-C inapokulipa, kwa sababu chaja moja inahudumia simu na laptopu, na ukiisahau nyumba ya wageni utaazima kwa mtu yeyote mwenye chaja yenye nguvu ya kutosha. Chaja ya zamani yenye kichwa cha pekee, ukiipoteza Kasulu, safari ya kazi imeishia hapo.

Ndege je, wataninyang'anya pawabenki?

Ukiiweka kwenye mzigo unaopakiwa tumboni mwa ndege, ndiyo, itatolewa. Pawabenki inasafiri nawe ndani, kwenye begi la mkononi, na laptopu pia ni bora iwe humo humo. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 bila kuomba kibali. Kuipata: zidisha mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Ya mAh 30,000 ni Wh 111, ulizia shirika lako kwanza. Hakikisha maandishi yake yanasomeka, maana iliyofutika maandishi mkaguzi hana namna ya kujua.

Chromebook bei yake ni rahisi sana. Kuna ubaya gani?

Ni laptopu inayotumia ChromeOS, mfumo wa Google, badala ya Windows. Si mbaya, ila ina tarehe ya mwisho. Kila Chromebook imepangiwa siku ambayo Google wataacha kuisasisha. Zilizotoka kuanzia mwaka 2021 hupewa miaka 10. Za zamani zilizojaa kwenye mtumba, hasa zile za shule za Marekani, nyingi siku zake zimekwisha au ziko ukingoni. Kabla hujalipa, ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu ChromeOS, na utazame tarehe ya mwisho wa masasisho. Kama imepita, iache.

Kama bado ina miaka, jiulize unaishi vipi na bando. Hati za Google zinaweza kuandikwa bila intaneti ukishaziandaa mapema, lakini mashine yenyewe imebuniwa kwa mtu aliyeunganishwa. Programu za uhasibu za Windows hazitaingia. Kwa mwanafunzi mwenye Wi-Fi ya chuo ni chaguo zuri na betri yake hudumu. Kwa mhasibu anayekagua vyama vya ushirika vijijini, hapana.

Na MacBook Air ya zamani?

Ni nyepesi na kibodi yake nzuri. Ila ya mwaka 2017 na za nyuma yake haziendi zaidi ya macOS Monterey, toleo la mwaka 2021, na programu mpya zinazidi kuiacha. Kuanzia ya 2018, hakikisha mwenyewe wa kwanza ameiondoa kwenye akaunti yake, vinginevyo umenunua kitu kilichofungwa. Ile MacBook ndogo isiyo Air, ya inchi 12 yenye kilo 0.92, ya mwaka 2015 hadi 2017, inavutia mno; kibodi yake ilisumbua watu hadi Apple wakatangaza kuitengeneza bure mwaka 2018. Sijawahi kumshauri mtu aichukue.

Nitaikaguaje Kariakoo bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia?

Nenda asubuhi, siku ya kazi, ukiwa umeandika jina kamili la mashine unayoitaka. Winga, yaani dalali wa mtaani, akikudaka njiani mwambie jina hilo, na akianza kukuonyesha nyingine "nzuri zaidi", endelea kutembea. Ingia duka lenye anwani, lenye meza ya kukaa, na useme mapema kwamba utaikagua kwa nusu saa. Anayekataa nusu saa amekujibu swali lako.

Kwanza izime, iwashe, na uingie BIOS: kwa ThinkPad bonyeza F1, Dell F2, HP F10. Ikidai nenosiri, irudishe. Ni mashine ya kampuni ambayo haikufunguliwa, na siku utakapohitaji kubadili kitu huko ndani hutaweza. Mimi liliwahi kunipata: duka moja waliniambia nenosiri hilo "halina shida". Nilipotaka kuiwekea mfumo mwingine nikakuta njia zote zimefungwa, na fundi alitaka pesa iliyokaribia nusu ya bei ya mashine. Vilevile ukiona Windows inapoanza inakukaribisha kwa jina la kampuni au shule usiyoijua, hiyo bado imesajiliwa kwao. Leo utaingia, siku ukiifuta na kuianza upya itakufungia mlango.

Kisha ukiwa ndani ya Windows, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia na ubonyeze vitufe vyote, kimoja baada ya kingine. Kitufe cha herufi a na kitufe cha nafasi ndivyo huchoka mapema kwa anayeandika Kiswahili, vijaribu mara nyingi. Weka picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu kioo kizima utafute madoa na mistari. Fungua na ufunge kifuniko ukisikiliza bawaba. Chomeka flashi yako kwenye kila tundu. Washa hotspoti ya simu uone kama Wi-Fi inashika na haiachii. Piga simu ya video fupi ili kamera, kipaza sauti na spika vijaribiwe kwa pamoja. Iache icheze video robo saa, halafu iguse chini: joto la kawaida ni sawa, la kuunguza pamoja na feni inayonguruma ni dalili ya vumbi au gundi ya prosesa iliyokauka. Fundi hurekebisha hilo kwa muda mfupi, lakini lifanywe kabla hujalipa.

Beba kwenye flashi programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, itakuonyesha afya ya SSD kwa asilimia. Ripoti ya betri nimeshaieleza.

Mwisho linganisha namba ya usajili (serial number) iliyobandikwa chini ya mashine na inayoonekana kwenye BIOS. Zikitofautiana, bodi au kifuniko kilibadilishwa. Ukiiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji unaweza kuona mashine ilitoka kiwandani na vitu gani. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na muuzaji aandike namba hiyo kwenye karatasi ya waranti. Ikiibiwa, ndiyo namba polisi watakayokuuliza.

Nitenge shilingi ngapi?

Bei za mtumba hupanda na kushuka kwa dola na kwa shehena iliyoingia, kwa hiyo bei niliyolipa mwezi uliopita haikusaidii. Piga simu maduka matatu uulize mashine ile ile, kizazi kile kile, RAM ile ile. Ya katikati ndiyo bei ya soko siku hiyo. Inayopishana sana na wenzake kwa kushuka ina sababu, itafute.

Katika pesa uliyo nayo, usitumie yote. Mimi hubakiza laki moja pembeni, kwa ajili ya betri, SSD kubwa zaidi au chaja halisi. Chaja feki ni hatari kweli, hasa umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika.

Windows na Office nilizowekewa dukani ni halali?

Windows mara nyingi ndiyo. Laptopu za ofisi za miaka hii huja na leseni ndani ya bodi, na ukiisakinisha upya inajitambua yenyewe. Angalia kwenye mipangilio kama imeandikwa imewezeshwa. Office ni habari nyingine. Nyingi za "nimekuwekea bure" zimevunjwa kufuli kwa programu ambazo huja na virusi. Weka LibreOffice, haina malipo na inafungua mafaili ya Word na Excel. Hili si jambo geni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice, programu ile ile iliyotafsiriwa ikawa Jambo.

Linux Mint nayo ni bure kabisa. Inafanya kazi vizuri kwenye RAM ya GB 4, na inazirudishia uhai mashine za kizazi cha 6 na cha 7. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani. Mama yangu mdogo anaitumia kuandika mahubiri na hajawahi kuniuliza inaitwaje.

Niko Nairobi, Kigali au Muscat. Haya yananihusu?

Mashine ni zile zile. Nairobi utazikuta Luthuli na Moi Avenue, na ukaguzi ni huo huo. Kinachobadilika ni plagi. Tanzania, Kenya, Uganda na Oman zinatumia pini tatu bapa. Rwanda, Burundi na Kongo pini za mviringo. Kwa anayevuka mpaka, adapta ndogo ikae begini daima.

Shemeji yuko Ujerumani, anataka kuniletea. Nimwambie nini?

Mshukuru, kisha umuulize kibodi. Ya Ujerumani imebadilishana Z na Y, ya Ufaransa A iko mahali pa Q. Unaweza kuipanga upya kwa programu, lakini maandishi juu ya vitufe yatakuchanganya kila siku. Aibebe mwenyewe kwenye begi la mkononi, asiitume kwa posta, kwa sababu usafirishaji wa betri za lithiamu una masharti mengi.

Tableti yenye kibodi haitoshi?

Kwa kusoma, kutazama na barua pepe inatosha. Kwa Excel na kujaza fomu ndefu za tovuti za serikali, laptopu.

Nimeshanunua. Siku ya kwanza nifanye nini?

Sasisha Windows yote ukiwa kwenye Wi-Fi, usitumie bando, inakula GB nyingi. Weka nenosiri la kuingilia. Kama ni toleo la Pro, washa ufungaji wa diski wa BitLocker na uhifadhi ufunguo wake nje ya mashine, ili ikiibiwa mafaili yako yasisomeke. Nunua mfuko wa sponji, maana vumbi la barabara ya changarawe hupita kwenye zipu ya begi la kawaida. Nakili kazi zako kwenye flashi inayokaa mfuko tofauti na laptopu. Kisha piga picha namba ya usajili pamoja na risiti, na umtumie mtu mmoja nyumbani azihifadhi kwenye simu yake.